Mnaouliza "Kulwa yuko wapi" kila mkimsikia Doto, someni hapa

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu shikamooni, rika langu mambo.

Ninachoandika hapa kimenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu wala sijakopi popote. Kama unatafuta vichekesho pita tu, huku havipo.

Nimechokozwa na ule uzi wa majina mazuri ya watoto wa kike. Mmeandika kurasa kwa kurasa. Mmoja anataka jina fupi, mwingine anataka la kwenye Biblia, mwingine jina fulani hataki hata kulisikia kwa sababu alikuwa nalo mwalimu wa hesabu aliyemchapa darasa la tano. Kuna dada kaandika kwamba hawezi kumpa mwanawe jina linaloanzia herufi ya ex wake.

Nimecheka kidogo. Halafu nikaweka simu pembeni nikashinda na hasira siku nzima.

Maana nyie mnachagua. Kuna watu hatuchagui.

Niwaeleze kwanza mimi ni nani, msije mkapotea njiani.

Ni mama wa miaka ishirini na kitu, shule nimeishia form four. Nina genge hapa Isevya, Tabora mjini. Nyanya, vitunguu, dagaa, na asali ikiwa msimu. Nimezaliwa Ulyankulu. Anayeijua Ulyankulu ameshaelewa. Asiyeijua, ni kule walikopewa ardhi Warundi waliokimbia vita miaka ya sabini, babu na bibi zangu wakiwemo. Sisi tumezaliwa huku, tumesoma huku, uraia tunao, na Burundi kwenyewe mimi sijawahi kukanyaga.

Lakini jina langu ni la huko.

Sitaliandika. Ni moja ya yale marefu yanayoanza na Nda, ambayo ukiyafasiri yanakuwa sentensi nzima ya kumshukuru Mungu. Bibi alinipa kwa mapenzi yake yote. Sasa chukua jina hilo nenda nalo sekondari ya mjini. Mwalimu anaita mahudhurio, akifika kwangu anasimama, anakunja uso, anajaribu, anakosea, anajaribu tena. Darasa linacheka. Wa dawati la nyuma anasema taratibu tu, "Si yule mkimbizi."

Na haikuishia shuleni. Kila dirisha la ofisi, kila foleni: "Hili jina la wapi hili?" Swali hilo nimelijibu maisha yangu yote, na kila nikilijibu naona uso wa mtu unavyobadilika kidogo.

Kwa hiyo nilijiapiza nikiwa binti mdogo kabisa. Nikizaa, mwanangu atakuwa na jina ambalo likitajwa hakuna mtu atauliza kitu. Jina lisilo na kwao. Jina lisilo na babu.

Nikalipata kwenye simu nikiwa form three. Brianna. Sikujua hata ni la taifa gani na ndiyo maana nililipenda.

Basi, nikaolewa na Shija.

Shija ni fundi pikipiki, mtu wa Kwihara, Mnyamwezi, familia ya kanisa la Moravian. Mtaratibu mno, ukimgombeza anakuletea maji ya kunywa. Kwa wasiojua mila za huku: mapacha wakizaliwa, wa kwanza kutoka anaitwa Kulwa, wa pili Doto, na mtoto anayefuata baada yao anaitwa Shija. Lakini Shija wangu ndiye mkubwa kwao, na aliniambia amerithi jina la babu yake. Huku kurithi majina ni kawaida kabisa, kwa hiyo sikuwa na la kuuliza.

Nikabeba mimba. Kipimo kikaonyesha wawili.

Mama mkwe, ambaye kijiji kizima kinamwita Mama Shija, alikuja kutoka Kwihara na jogoo na karanga mbichi, akapiga vigelegele kuanzia barabarani. Nilipoona amefurahi vile nikaona ndiyo nafasi yenyewe. Nikamwambia kwa adabu, "Mama, mmoja nataka aitwe Brianna."

Akaacha kutabasamu. "Buliana ndiyo nani?"

"Ni jina tu, mama."

"La nani?"

"Si la mtu yeyote."

"Sasa utampaje mtoto jina ambalo si la mtu?" Akamgeukia mwanawe kama vile mimi nimezungumza kwa lugha ya ndege, halafu akanirudia mimi. "Mkwe wangu, mapacha hawatafutiwi majina. Wanakuja nayo. Atakayetangulia ni Kulwa, wa nyuma ni Doto. Hata akizaa mkuu wa mkoa."

Shija akacheka. Na mimi nikacheka. Nikajisemea, nyumbani waite wanavyotaka, kanisani nitaandika langu. Watu wangapi wana majina mawili?

Wakazaliwa. Wote wa kike.

Wakuu, mimi Kulwa nilimjua. Naomba hili mlielewe, kwa sababu watu wanaongea kana kwamba mtoto aliyeishi siku chache hana wa kumjua. Alikuwa na nywele nyingi kuliko mwenzake. Akishika kidole haachii. Alikuwa analia kwa mafungu, anasita katikati, kama mtu aliyebisha hodi anasubiri ajibiwe. Doto yeye alikuwa mnene, mlafi, hana habari na dunia.

Kulwa kifua kilimsumbua. Wauguzi walihangaika naye, niliwaona kwa macho yangu. Hata wiki hakumaliza.

Kwa kufa kwake sina wa kumlaumu. Hasira yangu inaanzia hapo baadaye.

Nilipofungua mdomo nilie, mama mkwe aliniziba kwa kiganja. Aliniziba kweli, mpaka meno yakanikata mdomo kwa ndani. Mkono wake ulikuwa unanuka sabuni ya kipande.

"Usilie. Pacha haliliwi. Ukimlilia huyu unamwita na aliyebaki amfuate."

Shangazi yake Shija, aliyekuwa pembeni, akaongeza, "Na usiseme amekufa. Sema amerudi."

Amerudi wapi? Nilikuwa nimelala pale maziwa yananitoka ya watoto wawili, na kila mwanamke aliyeingia alikuwa ananichunguza macho kama yamelowa.

Wakamchukua. Wazee wa ukoo walimzika Kwihara nyumbani kwao. Shija alibaki na mimi wodini kwa sababu nilikuwa na homa, kwa hiyo hata yeye hakuona. Hakukuwa na turubai. Hakukuwa na matanga. Hakuna jirani aliyekuja kukaa chini na mimi, maana msiba wenyewe haukuwepo. Nilipouliza amelazwa upande gani wa nyumba, shangazi akasema pacha haulizwi.

Mama wa mapacha huku anaitwa kwa jina la mkubwa. Asubuhi ile nilikuwa Mama Kulwa. Jioni wote walikuwa wananiita Mama Doto. Hakuna aliyetangaza. Walibadili tu, kama mtu anavyobadili kanga.

Hapa nisimame kidogo. Najua wapo wanaosubiri niseme "mila potofu" ili waanze kuwatukana Wanyamwezi. Sijaja kuwapa hiyo nafasi. Mila zenu pia tunazijua. Endeleeni kusoma.

Basi nikarudi Isevya na Doto wangu mmoja mgongoni. Na maswali yakaanza.

Kliniki: "Doto. Na mwenzake umemwacha nyumbani?"

Gengeni: "Mama Doto, huyu Kulwa mbona hatumuoni? Au umemuuza?" Halafu anacheka na kuchagua nyanya.

Kuna mzee mmoja mteja wangu wa dagaa, mtu mzuri tu, kila siku alikuwa na utani huo huo. "Doto peke yake? Ni kama kiatu cha mguu mmoja hicho."

Watu wa mikoa mingine hamuwezi kuelewa. Tabora ukitaja Doto, mtu anauliza Kulwa kabla hata hajawaza. Hawana ubaya. Ni kama ukisema shikamoo mtu anajibu marahaba. Jina lenyewe lina mkono umeunyoosha pembeni kumshika mwenzake, na mwenzake hayupo.

Nilijifunza kujibu, "Yuko kwa bibi yake Kwihara."

Wanaridhika. "Ah, mmegawana, vizuri. Wawili si mchezo." Na mimi namfungia mtu nyanya zake. Na sikuwa nimesema uongo. Yuko kwa bibi yake.

Nikamwambia Shija, "Huyu mtoto tumbadili jina."

"Mama atasemaje?"

"Mama yako ndiye anayeulizwa gengeni?"

Akawa anafuta mikono kwa kitambaa cha grisi ambacho hakikuwa kinafuta kitu. Halafu akasema, "Na akiugua?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba na yeye anaogopa. Kwao inaaminika pacha akinyimwa jina lake anaudhika, na akiudhika anaondoka. Na kweli wiki ile ile mtoto akapata homa. Homa ya kawaida, meno. Mama mkwe akapiga simu, sijui aliambiwa na nani. "Mnaona? Mnamwita Buliana?"

Niliikata simu. Nikafunga virago nikaenda kwetu Ulyankulu.

Nilikwenda nikijua mama yangu atanielewa. Mwanamke aliyebeba jina kama langu, aliyetukanwa mkimbizi kabla yangu, nani mwingine angenielewa? Nimeshuka tu, mama akanyoosha mikono, akamtoa mtoto mgongoni kwangu, akamnusa shingoni akasema, "Butoyi wangu. Karibu kwenu, Butoyi."

Nikasimama palepale na mzigo kichwani.

Kwetu mapacha ni Bukuru na Butoyi. Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni ila halikunijia hata mara moja kwamba ni mimi nimezaa Bukuru na Butoyi. Nililikimbia jina Kwihara nikaenda kulikuta limekaa sebuleni kwetu linanisubiri.

"Mama, na wewe?"

"Na mimi nini? Ulidhani mapacha ni wa Wanyamwezi peke yao?"

"Mimi nataka aitwe Brianna."

"Muite. Mimi nimekukataza?" Alikuwa ameshamkalisha mtoto mapajani anamhesabia vidole vya miguu. "Wewe jina lako lilikuua?"

"Lilinichosha."

"Lakini uko hai, unanijibu jeuri."

Sikukaa sana. Kila jirani aliyekuja kusalimia aliuliza Bukuru yuko wapi.

Nikarudi Isevya nikiwa nimekaza roho. Nikamwambia Shija, ama mtoto abatizwe Brianna, ama nitaondoka na nisirudi. Nilikuwa namaanisha. Akaniona namaanisha.

Akabatizwa Brianna. Mama mkwe alikuja, alikaa benchi la nyuma na kitambaa chake cheupe kichwani. Mchungaji alipotamka jina, alikuwa anaangalia miguu yake. Pilau hakula. Wakati anapanda bodaboda kurudi kwake nikamuaga, akanijibu neno moja. "Nimesikia."

Nilishinda, wakuu. Semeni nilishinda.

Tukahama na genge, nikaenda mtaa wa pili ambako hawanijui. Nikawa Mama Bri. Wateja wapya, maneno mapya. "Jina zuri, la wapi?" "La kwenye simu tu." Wanacheka, yanaisha. Mtoto akaanza kukaa, akaanza kutambaa, hakuna anayemtafuta mwenzake nyuma ya mgongo wangu. Miezi ile nilikuwa na amani ambayo sijawahi kuwa nayo, hata sauti yangu ya kuitia wateja ilibadilika.

Halafu akaja binti mmoja mjamzito, mgeni mtaani, ndiyo kwanza anaolewa. Amenunua nyanya, hataki kuondoka, anataka mazungumzo kama tunavyokuwa mimba ya kwanza.

"Dada, Brianna ndiyo wa kwanza?"

"Ndiyo."

"Alikusumbua kuzaliwa?"

"Hapana, alikuja salama."

"Afadhali umenipa moyo," akasema, akaondoka zake.

Nikabaki nimeshika mfuko.

Ndiyo, wa kwanza. Nimesema mwenyewe, kwa mdomo wangu, bila hata kusita. Wakati wa kwanza ni Kulwa. Na hapakuwa na mtu mtaa mzima wa kunisuta, kwa sababu nilihakikisha mwenyewe asiwepo. Yule mzee wa dagaa na kiatu chake cha mguu mmoja, niliyekuwa namchukia, ndiye alikuwa mtu wa mwisho mjini Tabora kumtaja mwanangu.

Nilifunga genge mchana huohuo. Nikambeba mtoto, nikapanda bodaboda, Kwihara.

Njiani unapita kibao cha kuelekezea tembe la zamani, nyumba walimokuwa wanafikia wazungu wa enzi za misafara. Wanatoka watu nchi za mbali kuja kuangalia mtu fulani alilala chumba gani. Jina limeandikwa, limetunzwa, linafagiliwa. Mwanangu yuko kijiji hichohicho na mimi mama yake sijui amelala wapi. Nilipita pale nimeuma meno.

Nikamkuta mama mkwe amekaa kwenye mkeka uani, anamenya karanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmekuja na mwenyewe?" Mwenyewe ni mtoto. Tangu ubatizo hakuwahi kumwita jina lolote. Alikuwa anasema mwenyewe, au huyu.

Sikukaa. Nikamwambia, "Mama, nionyeshe Kulwa alipo."

Akaendelea kumenya. "Pacha haulizwi."

"Mimi nauliza."

"Mkwe wangu..."

"Mama, leo nimemkana. Nimeulizwa huyu ni wa kwanza nikasema ndiyo. Siondoki hapa. Nitalala hapa uani mpaka mnionyeshe."

Hakunyoosha hata mkono. Alielekeza kwa kidevu tu, ubavuni mwa nyumba, chini ya mchirizi wa paa, pembeni ya lile jiwe la kuoshea vyombo.

"Pale. Pacha hulazwa penye ubaridi."

Wakuu, mimi ni mkwe wa nyumba ile. Kila tukienda Kwihara, vyombo naosha mimi. Nachuchumaa kwenye jiwe lile, nikimaliza nainua beseni namwaga pale ubavuni kwa sababu ndiko kwenye mteremko. Tumekwenda Pasaka, tumekwenda kwenye mavuno, tumekwenda harusi ya shemeji. Nimemwaga pale maji ya ukoko wa ugali. Nimemwaga maji ya dagaa.

Sauti ilitoka kwangu sijui ya nani. "Mama, ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona."

"Ukaniacha."

"Maji ni mazuri kwake," akasema. "Na wewe ndiye mama yake. Nani mwingine amnyweshe?"

Sikujua nimpige au nimkumbatie. Nikamtukana. Ndiyo, mama mkwe wangu, mtu mzima, nilimtukana uani kwake, maneno ambayo hapa mods watayafuta. Nilimwambia ana roho ya jiwe, kwamba alinizika mimi pamoja na mwanangu, kwamba hajui kupoteza mtoto ni nini.

Aliniacha nikamaliza. Halafu akasema, taratibu kabisa, "Hayuko peke yake pale."

Sikuelewa.

"Mume wako unadhani ni Shija wa nani?"

"Wa babu yake."

"Babu yake aliitwa Maganga."

Nikakaa chini.

Walikuwepo wawili kabla ya Shija. Wa kiume na wa kike. Kulwa alitangulia kufa, na mama mkwe wakati huo alikuwa binti mdogo kuliko mimi nilivyo, ameolewa kijiji cha ugenini, mila za mapacha hakuna aliyemfundisha. "Nikamlilia," akasema. "Nililia mpaka nyumba ya tatu wakasikia. Doto akamfuata kabla mwezi haujaandama. Mama mkwe wangu akaniambia, umeona machozi yako yamefanya nini."

Alikuwa bado anamenya karanga. Mikono haikusimama.

"Ndiyo maana nilikuziba," akasema.

Miaka yote ile, wakuu. Kila anayemwita mume wangu, kila "Mama Shija" anayoitwa sokoni na kanisani, anatajiwa wale wawili, na yeye anaitika, anajua ni yeye aliyemuua wa pili kwa kulia. Na akamdanganya mwanawe mwenyewe kwamba ni jina la babu.

Nikamwambia, "Mama, si machozi. Watoto wachanga wanaugua."

"Ndivyo mnavyosema mliosoma."

"Ndivyo ilivyo, mama."

Akamenya karanga nyingine.

Na hapo ndipo kilio changu kikatoka. Tangu wodini kilikuwa kimekaa. Nilikilia palepale nimeshika lile jiwe la vyombo. Mama mkwe alimtazama mtoto kwa hofu, yule mtoto alikuwa ametulia kwenye mkeka anatafuna ganda la karanga. Nikajua sasa ataniziba tena.

Hakuniziba. Alimnyanyua mtoto akamfunga mgongoni, akamkaza kanga mara mbili, akaenda kwenye kinu. Akamwaga karanga zote alizomenya, akaanza kutwanga. Alitwanga kwa nguvu, kwa kelele, ili majirani wasikie kinu wasinisikie mimi. Zilipokuwa unga aliendelea. Zilipotoa mafuta aliendelea. Uso ulikuwa umemlowa mpaka kidevuni. Sikuuliza kama ni jasho.

Nilipomaliza, akaacha. Mtoto alikuwa amelala mgongoni kwake fofofo. Akamshusha, akamwekea kiganja puani, akasubiri, akasikia pumzi. Akamwekea tena.

Hakuwa amefuata mtu. Yupo hadi leo, wakati naandika hii anang'ata waya wa chaja yangu.

Wakati naaga, mama mkwe akauliza bila kuniangalia, "Sasa huyu mimi nimwite nani? Hilo Buliana mdomo wangu umelishindwa."

Nikamwambia, "Mwite Doto, mama. Lakini siku atakapouliza mwenzake yuko wapi, aambiwe. Kulwa alizaliwa, alikuwa na nywele nyingi, akafa, amelazwa pale. Asiambiwe amerudi."

Akafikiri. "Na Shija?"

"Na Shija aambiwe."

"Utamwambia wewe."

"Utamwambia wewe, mama."

Alimwita Jumapili iliyofuata baada ya ibada. Shija alirudi jioni, akaegesha pikipiki, akakaa juu yake bila kushuka. Nikamletea maji. Akasema, "Kumbe mimi ni wa tatu." Tangu hapo kila tukienda Kwihara vyombo anaosha yeye, na ndugu zake wanamcheka.

Sasa mtaniuliza, somo ni nini?

Kwenye cheti ni Brianna. Nyumbani ni Doto, na Ulyankulu ni Butoyi, na anaitika yote matatu. Genge nimelirudisha mtaa wa zamani. Mtu akiuliza Kulwa yuko wapi, namjibu, "Alifariki." Nyuso zinaanguka. Wengine wananikasirikia kana kwamba nimewaharibia siku. Yule mzee wa dagaa alivua kofia, akaomba jina lake la ubatizo amwombee. Nikamwambia hakuwahi kubatizwa. Akasema basi ataomba hivyohivyo, Kulwa.

Kwa hiyo chagueni majina yenu mazuri, sina wivu. Kwepeni majina ya walimu na ya ma-ex. Ila usidhani lipo jina lililokuja duniani likiwa tupu. Mimi nililitafuta, nikalipata, na ndilo lililonifanya nimkane mwanangu mchana kweupe.

Na nyie wakwe, mashangazi, majirani mnaosimama pembeni ya vitanda vya waliojifungua na kusema nyamaza: acheni. Mama akilia haui mtoto. Waambieni na wale mliowaambia zamani, wengine wamezeeka na bado wanaamini.

Karibuni mchangie, lakini "pole, kazi ya Mungu haina makosa" nimeshapewa za kutosha. Na wa mila potofu mpite kimya.

Ninachoomba ni kimoja. Kama una mtoto uliyeambiwa usimlilie, usimtaje, usimuulize, andika jina lake hapo chini. Jina tu, bila maelezo. Kama hakupewa jina, andika ulivyokuwa unamwita alipokuwa tumboni.

Naanza mimi.

Kulwa.